Maili Ishirini kwa Galoni

Kama hukupata safu yangu katika gazeti la wiki iliyopita, hukukosa raha. Septemba nilipoteza kazi yangu kwenye ofisi ya ghala la mahindi. Oktoba gari langu likafa. Novemba tukahamia chini ya nyumba ya wakwe zangu, mimi, mume wangu Tate, na binti yetu Junie wa mwaka mmoja na nusu. Nimesema chini ya nyumba, hukusoma vibaya. Chumba cha chini ya ardhi, kule ambako watu wa Nebraska wenye akili timamu huweka matango ya chupa na mapambo ya Krismasi.

Niliwaacha wiki jana maji yakiwa yamenifika kwenye vifundo vya miguu na pampu ya kutoa maji imezimika. Maji yalitoka. Unyevu ukabaki. Junie akaanza kukohoa kikohozi kile kinachomfanya mama ahesabu pumzi za mtoto badala ya kula.

Dawa yake nilikuwa naijua. Ilikuwa kona ya mtaa wa kanisa, imepakwa rangi ya njano, ina vyumba viwili na madirisha yanayopokea jua tangu asubuhi. Nyumba ya Bibi Haverkamp. Bibi wa watu alikuwa anahamia kwa binti yake na alinishikia hiyo nyumba kwa mapenzi tu.

"Mpaka Jumamosi ya tatu ya Desemba, saa sita mchana, Brenna," aliniambia. "Baada ya hapo kuna yule jamaa wa bima anaitaka."

Alichohitaji ni malipo ya kwanza, dola elfu kumi na mbili.

Na hizo elfu kumi na mbili zilikuwepo. Zilikuwa zimejificha ndani ya injini.

Iko hivi. Baba mkwe wangu, mzee Verlin Kroeker, anajenga uzio. Ukiona ng'ombe wa wilaya yetu hayuko barabarani, mshukuru yeye. Alikuwa na pikapu tatu za kazi, ukihesabu na ya Tate, moja ikafa, akatenga dola elfu sitini na nane za kununua nyingine. Ile ya dizeli aliyoitamani ilikuwa inauzwa sitini na nane kamili. Pikapu hiyohiyo, rangi hiyohiyo, viti hivyohivyo, lakini ya petroli, ilikuwa inauzwa hamsini na sita.

"Baba," nilimwambia mezani, tukiwa tunakula chili, mchuzi wetu wa maharage na nyama, na mikate ya mdalasini, "hiyo tofauti ni nyumba."

"Hiyo tofauti ni nguvu," akasema, akachovya mkate wake kwenye bakuli.

"Nguvu ya kuvuta nini? Nguzo hamsini na roli nne za waya, maili nane kutoka hapa?"

"Mkwe, dizeli inajilipa yenyewe."

"Inalipa lini? Nani ameona risiti?"

Mama mkwe, Arlene, akakohoa kidogo ndani ya kitambaa. Nilijua anacheka. Tate alikuwa anasoma pakiti ya chumvi kana kwamba imeandikwa habari za mpira.

Sasa mimi, Jumanne na Alhamisi, nasoma uhasibu darasa la jioni. Na mtu anayesoma darasa la jioni ana ugonjwa mmoja: kila anachojifunza Jumanne anataka kumfundisha mtu Jumatano. Nikamweleza Baba kwamba bei ya galoni si gharama ya gari. Kuna kubadilisha oili, ambayo ya dizeli ni karibu mara mbili. Kuna vichujio. Kuna ile dawa ya moshi ya kumiminwa kwenye tangi lake la pembeni. Kuna chujio la masizi linaloziba gari likizoea safari fupi na kuunguruma palepale saa nzima wakati watu wanachimba mashimo. Na safari fupi na kuunguruma palepale ndiyo kazi yetu yote.

Mzee Verlin alinisikiliza hadi mwisho. Ni mtu muungwana, hilo nampa. Kisha akasema:

"Njoo uwaambie hayo mezani."

Meza yenyewe lazima muijue. Iko nyuma ya kituo cha mafuta cha hapa Orsley, karibu na jokofu la chambo. Kila asubuhi saa kumi na mbili wanakaa pale wanaume wanane na kofia nane. Wanatikisa dadu ndani ya kikombe cha ngozi, na anayeshindwa anawalipia wote kahawa. Hakuna shamba linalouzwa, ndoa inayovunjika wala mvua inayonyesha Orsley bila meza ile kupitisha. Na pale mezani, tangu enzi na enzi, hakuna mtu anayeendesha petroli.

Tate peke yake ndiye aliyekuwa na pikapu ya petroli, ile niliyomshawishi anunue tulipooana. Waliipa jina siku ya kwanza.

"Huyoo, kaja na cherehani yake!" mzee Delmar husema kila Tate anapoegesha. Delmar anauza mbegu, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea na nguruwe. "Tate, leo unashona sketi au unashona pazia?"

Wanane wanacheka. Tate anacheka nao. Mimi mke wake nakijua kile kicheko. Kinaanzia kwenye meno na hakifiki popote.

Basi nikaenda mezani, Junie kiunoni. Nikaweka hoja. Pikapu mbili zilizobaki, dizeli ya Baba na petroli ya Tate, zifanye kazi ileile wiki mbili. Mizigo sawa, maili karibu sawa. Kila galoni inaandikwa, na gharama ya kila maili inapigiwa hesabu. Ikishinda dizeli, Baba anunue dizeli na mimi nisiseme neno. Ikishinda petroli, anunue petroli, na zile elfu kumi na mbili zinazobaki anikopeshe kwa ajili ya nyumba.

"Na nani ataandika?" Delmar akauliza.

"Mimi."

"Ha! Mbuzi ndiye mlinzi wa kabichi."

"Mzee Delmar, ya kwako inakwenda maili ngapi kwa galoni?"

"Ishirini," akasema bila kupepesa.

"Ya kwako mzee?" nikamgeukia jirani yake.

"Ishirini. Ikiwa na upepo, kumi na tisa."

Nikazunguka meza nzima. Ishirini, ishirini, ishirini na kidogo. Kila mwanaume mwenye dizeli anapata maili ishirini kwa galoni, kama kila mwindaji alivyowahi kumkosa kulungu mwenye pembe za matawi kumi na nne.

"Tumekubaliana," mzee Verlin akasema, akanipa mkono. Alinipa mkono mbele ya meza. Kwa hapa kwetu, huo ni zaidi ya mkataba wa wakili.

Sasa wasomaji wangu, nilisema tangu nilipoanza safu hii kwamba sitaandika tu mabaya ya wengine. Hapa ndipo langu linapoanza.

Mwalimu wetu wa jioni husema kumbukumbu isiyo na shahidi ni hadithi. Maneno yale yaliniingia. Nikanunua daftari la kijani, na kwenye jalada nikaandika kwa kalamu nene, kwa mwandiko wangu mzuri wa kuombea kazi: *Kila galoni iliyomo humu nimeiona kwa macho yangu. Brenna Kroeker, mtunza kumbukumbu.*

Nikapiga mstari chini ya jina. Mistari miwili.

Ya petroli niliiona kweli. Nilisimama kwenye pampu na Junie, upepo wa Desemba ukitupiga vibao vya uso, nikaandika hadi robo ya galoni. Ya dizeli niliiona siku ya kwanza. Na ya pili. Siku ya tatu Junie alikuwa na homa, na Tate akasema:

"Baki ndani, mpenzi. Nitajaza mimi, nitakuletea risiti."

Ni Tate aliyekuwa anajaza mafuta gari la baba yake. Mzee Verlin alibadilishwa nyonga mwaka jana na hawezi kusimama kwenye baridi akishika mpira wa pampu. Kwa hiyo kila jioni Tate aliondoka na ile dizeli, akarudi na risiti, akanibusu kipaji cha uso, nami nikanakili kwenye daftari lililosema nimeona kwa macho yangu.

Nilijiambia mume wangu ni macho yangu. Mapenzi yana maneno mazuri sana ya kumfanya mtu mvivu ajione mwaminifu.

Wiki mbili zikaisha Ijumaa. Nikapiga hesabu juu ya mashine ya kufulia, kwa sababu ndiyo meza pekee niliyo nayo kule chini.

Petroli: maili mia sita na kumi na mbili, galoni hamsini na nne. Senti ishirini na saba kwa maili. Sawasawa na nilivyotabiri.

Dizeli: maili mia tano tisini na nane. Galoni thelathini.

Nikarudia. Galoni thelathini. Senti kumi na tisa kwa maili. Hata nilipoongeza oili, vichujio na dawa ya moshi, dizeli ilikuwa inanipita huku inapunga mkono.

Nikagawa maili kwa galoni. Nikaona namba, nikagawa tena.

Ishirini, kasoro punje.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilisimama mbele ya wanane nikasoma namba zangu. Ningeweza kuzificha. Niliwaza kuzificha, sitawadanganya. Lakini nilikuwa nimepewa mkono.

Jokofu la chambo likatikisika kwa vicheko.

"Ishirini!" Delmar akapiga meza. "Nimesema nini mimi? Nimesema nini? Kasome zaidi, Bi Hesabu! Mwambie mwalimu wako aje hapa tumfundishe bure!"

"Mwacheni," mzee Verlin akasema, ila uso wake uling'aa kama sufuria mpya. "Amesoma namba alizozipata. Nani kati yenu angefanya hivyo?"

"Mimi nisingeanza!" Delmar akasukuma kikombe cha dadu mbele yangu. "Hakuna haja ya kutikisa. Kahawa nane, na kwangu utie maziwa."

Nikalipa kahawa nane. Tate alikuwa amesimama karibu na mlango. Mtu mmoja akampiga bega: "Pole na cherehani, kijana. Baba yako kasema ile mpya utaendesha wewe." Na Tate akacheka.

Safari hii kicheko chake kilifika machoni.

Niliona. Mke huona. Lakini nilikuwa nawaza madirisha ya nyumba ya njano, kwa hiyo niliona nikapita.

Tuliporudi nyumbani, mzee Verlin alikuwa na haraka ya kwenda kusaini kwa muuza magari. Na hapa naomba mnisaidie kucheka, maana mimi nilishindwa. Baridi ilikuwa kali, dizeli ilikuwa haijachomekwa usiku kwenye umeme wa kupasha injini joto, na ingehitaji muda mrefu wa kuunguruma kabla haijakubali kuwa ni asubuhi. Mzee akaitazama. Akatazama saa.

"Tate, nipe ufunguo wa cherehani. Ile inapata joto upesi."

Akaondoka na gari la petroli kwenda kununua gari la dizeli, akiwa amemchukua na Delmar kama shahidi.

Nikashuka chini kufua. Mtu aliyeshindwa lazima afanye kitu kwa mikono. Junie alikuwa sakafuni, ameingiza mguu wake ndani ya glavu ya kazi ya Tate, anajikokota akidhani amevaa kiatu. Nikamvua glavu. Soksi yake, nyeupe, ya Krismasi, yenye kengele kidogo, ilikuwa imeloa rangi nyekundu.

Nilidhani ni damu. Nikamvua soksi, nikageuza mguu, vidole vitano vizima. Nikanusa.

Dizeli.

Kila mtoto aliyekulia mashambani huku anajua dizeli nyekundu. Ni ya trekta. Haina kodi ya barabara, ndiyo maana ni rahisi, na ndiyo maana serikali huitia rangi, ili ikikutwa ndani ya gari la barabarani usiwe na la kujitetea. Nyuma ya ghala la mzee Verlin kuna tangi zima la hiyo, kwa ajili ya trekta lake, halali kabisa. Kituo cha mafuta hakina tone lake kwenye pampu za magari.

Nikapanda ngazi, Junie kiunoni, glavu mkononi. Tate alikuwa uani anapanga nguzo, anapiga mluzi. Alipoiona glavu mluzi ukakatika katikati.

"Madumu mangapi?" nikauliza.

"Brenna, nisikilize kwanza..."

"Madumu mangapi, Tate?"

"Manne."

Madumu manne ya galoni tano. Galoni ishirini. Sikuhitaji mashine ya kufulia wala kalamu. Thelathini na ishirini ni hamsini. Maili kumi na mbili kwa galoni. Senti thelathini na moja kwa maili, hata kabla ya oili na vichujio, ukinunua mafuta kama raia wengine. Cherehani ilikuwa imeshinda. Ilikuwa imeshinda tangu mwanzo.

"Baba anajua?"

"Hapana! Jamani, Baba hawezi. Angenifukuza. La mwisho nililimwaga jana jioni, yeye anadhani ni risiti tu."

"Kwa nini?"

Akavua kofia, akaivaa tena. "Alisema ile mpya nitaendesha mimi. Unajua ni miaka mingapi naitwa mshona sketi? Mbele ya Baba? Nyumba tutapata nyingine, Brenna. Majira ya kuchipua. Nilidhani..."

"Ulidhani kikohozi kitasubiri majira ya kuchipua?"

Junie, kiunoni kwangu, akakohoa. Sikumfundisha, naapa.

Nikampigia Baba simu. Mzee Verlin huzima simu yake ili isiishe chaji, huiwasha anapotaka kupiga, halafu hushangaa kwa nini hakuna anayempata. Muuza magari yuko mji wa jirani, maili kumi na nane. Saa tatu na robo. Gari lililobaki uani lilikuwa moja tu.

"Usiende," Tate akasema. "Angalau usimwambie mbele ya Delmar. Nakuomba."

"Nitamwambia mbele ya yeyote atakayekuwa amesimama pale."

"Basi mwache mtoto na mimi."

Sikumwachia. Asubuhi ile nisingemwachia hata ndoo. Nilipigana na mikanda ya kiti cha mtoto dakika nne, nikaweka daftari la kijani juu ya dashibodi, nikawasha. Dizeli ikakohoa kuliko Junie, ikatoa moshi, ikakubali. Kwenye kioo nilimwona Tate katikati ya uani, kofia mkononi. Nampenda yule mwanaume. Naliandika hapa kwa sababu liko kwenye orodha ya balaa zangu na sitaki kuruka hata moja.

Njia nzima nilikuwa najipanga. Baba, namba zilikosewa. Hapana. Baba, mwanao amekudanganya. Hapana. Baba, sikuona kwa macho yangu. Hilo la tatu ndilo lililokuwa halitaki kutoka. Mbona kumsema Tate kulikuwa kwepesi zaidi?

Kabla ya kufika kwa muuza magari kuna mnada wa ng'ombe. Jumamosi watu wote wako pale, wanaouza na waliokuja kula keki za cheri kantini. Barabarani, mbele ya lango, niliona koni za rangi ya chungwa na msururu wa pikapu, zote za dizeli. Mwanamke mwenye fulana ya kung'aa alikuwa anainama kwenye tundu la tangi la kila moja na mrija mrefu wa kioo.

Mguu wangu ulienda kwenye breki wenyewe. Nikatazama nyuma. Trela la ng'ombe lilikuwa limeshaniziba.

"Habari ya asubuhi, mama," mwanamke alisema nilipofika zamu yangu. Alikuwa na uso mwema na pua nyekundu kwa baridi. "Baridi imeamka na nguvu leo, eh?"

"Imeamka, dada."

"Ukaguzi wa mafuta tu. Haichukui dakika. Nikifungua hapa haikusumbui?"

Huku kwetu hata anayekuja kukumaliza anaomba samahani kwanza. Nikasema haisumbui.

Akaingiza mrija. Akautoa, akauinua kwenye jua la Desemba. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile kikiwa na maana mbaya kama ile. Ulikuwa mwekundu kama juisi ya cheri.

Aliutazama, akanitazama, akatazama kiti cha nyuma. Junie alikuwa ameinua mguu hewani anachezea kengele yake. Kwa haraka zangu nilikuwa nimemrudishia soksi ileile.

"Soksi nzuri," mkaguzi alisema taratibu. Kisha macho yake yakatua kwenye dashibodi. "Na lile daftari?"

"Ni... ni kumbukumbu za mafuta."

"Naweza?"

Nikampa. Akasoma jalada. Akarudia kulisoma, midomo ikitikisika. Akafungua ndani, akapitia risiti moja baada ya nyingine, safi, zote za kituo cha mafuta, zote zimelipiwa kodi.

"Gari ni la nani, mama?"

"La baba mkwe wangu."

"Yuko wapi?"

Nilikuwa namwona tayari. Gari la petroli lilikuwa limeegeshwa mbele ya kantini, na kutoka mlangoni alikuwa anatoka mzee Verlin mwenyewe, anachechemea kwa nyonga yake ya chuma, makombo ya keki kidevuni, bahasha ya mkataba aliyotumiwa na muuza magari kwapani. Kalamu ilikuwa bado imekaa mfukoni na kifuniko chake. Alikuwa hajasaini. Alipitia mnadani kwanza kujisifu.

Nyuma yake alikuja Delmar, na nyuma ya Delmar, kofia sita nyingine.

"Mkwe!" Baba akaita kutoka mbali, mkono juu. "Umelileta walione!"

"Baba, subiri..."

Hakusubiri. Akafika, akaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayempapasa farasi aliyeshinda mashindano. Akamgeukia mkaguzi, ambaye sasa alikuwa ameushika mrija nyuma ya mgongo.

"Binti, unaliona hili? Lina miaka kumi. Maili ishirini kwa galoni, na trela la nguzo nyuma! Meza nzima ni mashahidi."

"Ishirini," mkaguzi akasema.

"Usiniamini mimi, mimi ni mzee, nitakuongopea. Mwulize huyu." Akanielekeza kidole, na sauti yake, Mungu anisamehe, ilikuwa imejaa fahari. "Huyu anasoma. Hakutaka dizeli ishinde, na bado alisimama akasoma ukweli. Neno lake mimi nasaini juu yake."

Akachomoa kalamu. Kwa mzaha tu, kuonyesha. Lakini bahasha ilikuwa tayari juu ya boneti.

Mkaguzi akalifunga daftari la kijani. Akaliinua mbele ya dirisha langu, jalada likinitazama, mistari yangu miwili chini ya jina langu.

"Mama," akasema kwa upole, na wanaume wote wanane wakasogea ili wasikie vizuri, "hapa umeandika kila galoni umeiona kwa macho yako. Ukisema ndiyo, itabidi unieleze wewe mwenyewe hii nyekundu iliingiaje. Ukisema hapana, itabidi uniambie nani alikuwa anajaza."

Saa ya gari ilisema saa nne kasoro dakika tano; Bibi Haverkamp alinipa mpaka saa sita. Mzee Verlin bado alikuwa anatabasamu, kalamu hewani, anasubiri nimsifie gari lake. Hakuwa ameuona mrija, na neno "nyekundu" lilikuwa halijamwingia.

Junie akatikisa kengele.

Nikafungua mdomo, na neno la kwanza lililotoka halikuwa ndiyo wala hapana. Lilikuwa jina la mume wangu.